Kiazi Bila Jicho: Miaka Yangu ya Kulima Dalia Minnesota

Mara ya kwanza kuona viazi vya dalia vikiuzwa, nilicheka peke yangu dukani. Ilikuwa Machi 2019, hapa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, theluji bado inafika magotini, nami nimetoka zamu ya usiku nikapitia duka kubwa la vifaa vya nyumba kutafuta taa ya jikoni. Pale mlangoni walikuwa wametundika mifuko yenye picha za maua makubwa kama sahani, na ndani ya kila mfuko vimelala vitu vya kahawia mfano wa mihogo midogo iliyosahauliwa juani. Dola sita mfuko mmoja.

Kwetu ni juu ya Soni, wilaya ya Lushoto. Maua hayo yalikuwa yakijiotea nyuma ya jiko, karibu na choo, na sikumbuki siku hata moja Mama ameyapalilia. Alikuwa akiyakata tu zamu yake ya kupamba kanisa ikifika, anayafunga kwa kamba ya mgomba, basi. Mvua ikikata yanakauka, mvua ikirudi yanarudi. Sasa naambiwa nitoe dola sita!

Nikatoa thelathini. Mifuko mitano.

Jina lenyewe nimelijulia huku. Nyumbani tulisema maua ya kanisani, na mpaka leo nikimwambia shoga yangu wa Tanga mjini kwamba nimepanda dalia ananiuliza harusi ya nani, maana kwao dalia ni ule unga wa manjano wa kunukia anaopakwa bibi harusi. Hii ya kwangu imepewa jina la Anders Dahl, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, na aliyeipa ni Mhispania mmoja, Cavanilles, kule Madrid mwaka 1791. Kwao hasa ni Meksiko, kwenye milima. Ndiyo maana ilipofika Usambara, milima ya kwetu, ilijisikia nyumbani. Minnesota ni habari nyingine.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa viazi mviringo, na hilo ndilo lililoniponza. Kiazi cha kula kina macho, pale panapochipua, mwili mzima. Ukiwa na mbegu chache unakikata vipande viwili au vitatu, kila kipande kibaki na jicho, unaacha kidonda kikauke, unapanda. Nimefanya hivyo tangu sijaanza shule. Kwa hiyo nilipofungua mifuko yangu nikaona viazi vinene, nilifurahi, nikachukua kisu nikakata kila kimoja katikati. Nikawa na vipande ishirini na kitu. Nikavipanda mwisho wa Aprili, siku ya kwanza jua lilipotoka na watu kuanza kuvaa kaptula, na nikavimwagilia kila asubuhi kama mchicha.

Vikaota vitatu.

Nilidhani ni udongo. Nikadhani ni duka limeniuzia vilivyokufa. Mwezi wa Julai nikaenda soko la wakulima hapa Saint Paul, ambako wauzaji maua wengi ni Wahmong, watu wa milima ya Laos walioanza kuja Minnesota baada ya vita vya kwao kwisha mwaka 1975. Kuna bibi mmoja pale ambaye ndoo zake za dalia humalizika kabla ya saa nne. Nilimwonyesha picha kwenye simu, ya vipande vyangu nilivyokuwa nimevifukua. Hakusema pole. Aliangalia, akavuta picha kwa vidole viwili, akatikisa kichwa, akasema kwa Kiingereza chake ambacho hakikuwa kirefu kuliko changu nilipofika: hakuna jicho, hakuna mtoto. Akageuka kumhudumia mteja.

Ikanibidi nirudi Jumamosi iliyofuata kuuliza jicho liko wapi.

Liko kichwani, na kichwani tu. Shina la dalia linapofika ardhini linavimba kidogo, na kwenye huo uvimbe ndiko viazi vinakoning'inia, kila kimoja kwa shingo yake nyembamba, kama matiti ya mbuzi ukitaka kuona vizuri. Macho yako kwenye huo uvimbe, palipo na shina la zamani. Kiazi chenyewe, hata kiwe kinene kama mkono wa mtoto, ni ghala tu. Kimebeba chakula na maji. Ukikikata katikati umepata nusu yenye uwezekano wa kuota na nusu ya kutupa. Ukivunja shingo, hata kama ngozi imeshikilia, umekiua, kwa sababu chakula hakipiti tena. Kibaya zaidi, kiazi kisicho na jicho hakikuambii. Kinaweza kuota mizizi kabisa, kikakaa udongoni majira mazima kikiwa kigumu na kizima, na jani lisitoke. Unafukua mwezi wa tisa unakikuta kama ulivyokiacha, kinakutazama. Nasema kinakutazama, ila macho ndiyo hakina.

Tangu hapo nikinunua sinunui unene. Mwaka uliofuata niliagiza kwa wakulima wadogo wanaouza kwa mtandao, ambao hufungua mauzo Januari, na aina zinazopendwa huisha haraka kiasi kwamba ukienda kuchemsha chai unarudi huzikuti. Nilipata moja ya Café au Lait, ile ya rangi ya chai ya maziwa ambayo maharusi wote wa hapa wanaitaka, kwa dola kumi na nane. Aprili bahasha ikafika. Ndani, kiazi kimoja, kidogo kuliko kidole changu cha shahada. Nilikasirika. Niliandika barua pepe ndefu, na kabla sijaituma nikakigeuza juani nikaona pale shingoni kajipu kadogo ka waridi, kama chunusi inayoanza. Nikaifuta barua. Kile kidole kilinipa mche ulionifika kifuani, na vuli nikafukua viazi saba.

Mifuko ya dukani sijaiacha kabisa, maana mshahara ni uleule. Lakini sichukui nisichokipapasa. Napitisha kidole juu ya nailoni kutafuta shingo; ikilegea au ikicheza, narudisha. Kikiwa kimekauka kama kijiti, narudisha. Kikiwa na chipukizi refu jeupe lililojikunja ndani ya mfuko, hicho nakichukua, hata kama kinaonekana kama mgonjwa, kwa sababu angalau nimeona jicho. Na sitegemei picha. Mwaka 2021 nilinunua mfuko wa njano ukatoa zambarau, na jirani yangu akapenda zambarau kuliko njano, basi yakaishia hapo.

Kosa la pili lilikuwa haraka. Huku jua la Aprili ni la uongo: linakuchoma shingo wakati udongo chini bado ni jokofu. Sasa nina kipimajoto cha nyama, kile cha kuchomeka kwenye kuku wa oveni, nakichomeka udongoni asubuhi. Kisiposoma nyuzi 15 sipandi, na hapa kwetu hiyo ni wiki ya tatu ya Mei, wakati mwingine ya nne. Napanda kwa kina cha kiganja, kiazi kimelala ubavu, jicho limetazama juu, na mti wa kukiegemeza nauchomeka siku hiyohiyo. Nilishawahi kuuchomeka Julai nikasikia kitu kinapasuka chini. Kisha sitii maji. Hili liliniuma kulizoea, mimi niliyelelewa kwamba ukipanda unamwagilia, lakini kiazi kina maji yake, na kabla ya kuwa na mizizi hakina mdomo wa kunywea. Unakiogesha tu mpaka kioze. Mpaka nione jani, bomba silishiki.

Mche ukifikisha jozi nne za majani unakata ncha. Mara ya kwanza mkono ulinitetemeka. Ukikata unapata matawi, usipokata unapata bua moja refu kama mtama na ua moja juu, na upepo wa Agosti unaliangusha. Koa hula machipukizi usiku, kwa hiyo asubuhi nikitoka zamu napita na tochi kuwaokota. Julai wanakuja mbawakavu wa Kijapani, wenye mgongo wa shaba, wazuri kuwatazama, wanaokula ua kuanzia katikati kama wanaokula keki. Hao nawakung'utia kwenye ndoo ya maji ya sabuni asubuhi na mapema wakiwa bado wazito kwa baridi. Mche mmoja uliwahi kutoka na majani yenye michirizi ya manjano kufuata mishipa na ukadumaa. Bibi wa sokoni aliutazama kwenye simu akafanya ishara ya kung'oa. Ni kirusi, hakina dawa, na vidukari au kisu chako mwenyewe hukihamishia kwa wengine. Niling'oa, nikautia kwenye takataka, si kwenye mboji, na tangu siku hiyo kisu changu kinaogeshwa kwenye maji yenye jiki kila ninapotoka mche mmoja kwenda mwingine.

Maua yenyewe sina mengi ya kusema. Yanakuja Agosti na yanakuja kwa fujo. Kata yakiwa yamefunguka, kwa sababu likikatwa likiwa bado kifundo halifunguki tena ndani ya chombo. Nilikuwa napeleka ndoo kazini, na mzee mmoja ninayemhudumia, ambaye kwa kawaida hanisemeshi, alikuwa akiniuliza kila Jumatatu leo umeleta rangi gani.

Kazi kubwa ni baada ya hapo.

Mwaka wa kwanza ile miche yangu mitatu niliiacha ardhini. Mbona ya Mama inakaa ardhini? Hapa ardhi huganda hadi karibu mita moja chini. Mei niliposukuma mkono udongoni nilikuta ngozi, na ndani ya ngozi uji. Harufu yake sitaieleza.

Mwaka wa pili nilifukua. Jalidi ya kwanza ilipiga usiku mmoja wa Oktoba. Nilirudi kazini alfajiri nikakuta majani yote meusi, yamelegea kama mchicha uliochemshwa, na nikakimbilia beleshi nikiwa bado na sare ya kazi. Haikuwa lazima kukimbia. Ukikata shina ukabakiza urefu wa kiganja na kuacha wiki moja hivi, macho hujitokeza kidogo na utakuja kuyaona vizuri unapogawa. Pia viazi huvimba mwishoni. Hili nililielewa nilipokuwa nampigia Mama: dalia hujaza viazi siku zinapofupika. Lushoto mchana una urefu wa saa kumi na mbili mwaka mzima, kidogo juu kidogo chini, kwa hiyo zake zinaweka akiba pasipo haraka. Juni hapa mchana unapita saa kumi na tano, mche unakula tu na kurefuka, akiba hakuna. Akiba yote inawekwa Septemba na Oktoba. Aliyefukua mapema amefukua vidole.

Basi nilifukua, nikaosha, nikavitia kwenye beseni la plastiki lenye mfuniko na kuliweka kwenye banda la gari. Nikapata hasara mbili kwa mpigo: vilivyogusa ukuta viliganda, vya katikati vilitoa jasho vikaoza. Mfuniko ulipofunguka Februari kulikuwa na ukungu kama sufi.

Mwaka wa tatu nikasema, kama tatizo ni unyevu, nitavikausha. Nikavitandaza kwenye katoni kando ya tanuri la kupasha nyumba joto, kule chini ya nyumba. Machi nilikuta makopa. Kweli makopa, yale ya muhogo, mepesi na yanalia ukiyagonganisha. Ningeweza kuyatwanga.

Nilikaa kwenye ngazi nikacheka halafu nikalia kidogo. Theluthi moja ya makosa haya ningeepuka kama ningeuliza, lakini huku kila mtu anayejibu ana jibu lake: mmoja anafunga kila kiazi kwa nailoni ya kufungia chakula, mwingine anatumia maranda ya mbao, mwingine mchanga, mwingine anavitia unga wa mdalasini. Na wote wanafaulu! Ilinichukua muda kuona kwamba wanachotofautiana ni vyombo tu. Wote wana mahali penye nyuzi kati ya 4 na 10, giza, na unyevu wa kutosha kiazi kisinyauke bila kulowa.

Kwa hiyo mwaka wa nne sikutafuta chombo, nilitafuta mahali. Nilizunguka chini ya nyumba na kile kipimajoto cha nyama kwa wiki nzima. Karibu na tanuri, 22. Chini ya ngazi, 16. Kwenye kona ya kaskazini, ukuta unaotazama nje, nyuma ya sanduku la nguo za watoto, 7. Nikahamisha sanduku.

Sasa nafanya hivi. Nikishafukua, kwa uma wa kulimia, nikianzia mbali na shina ili nisikate shingo, nakipindua kichwa chini kwa siku moja. Shina la dalia lina uwazi ndani kama mrija. Wenyeji wa Meksiko waliiita acocotli, na nimesoma maana yake ni mrija wa maji, na nilipokata la kwanza maji ya mvua yalinimwagikia kiatuni. Yale maji yakibaki yanaozesha kichwa kutoka ndani wakati nje kinaonekana kizima.

Halafu naosha na kugawa, juu ya meza ya jikoni, gazeti limetandazwa, redio imewashwa. Hapa ndipo napapenda kuliko maua yenyewe, sijui kwa nini. Unashika bumba zito kama kilo mbili, matope yametoka, unaligeuza chini ya taa. Kwanza unapasua shina katikati kutoka juu, nusu mbili. Unachukua nusu, unatafuta. Jicho la vuli si jipu la waridi kama la Aprili. Ni kivimbe cha rangi ileile ya ngozi, kama kipele cha mbu kilichokaa siku tatu, na mara nyingine unalihisi kwa kidole gumba kabla hujaliona. Ukilipata, unakata kipande cha kichwa kinacholibeba pamoja na kiazi chake kimoja. Kidonda kikiwa cheupe kama nyama ya nazi, safi. Kikiwa na doa la kahawia unaendelea kuparua hadi doa liishe, au kiazi kiishe. Bumba nisiloliona macho siligawi. Nalihifadhi hivyohivyo mpaka Aprili, lichipue lenyewe. Miaka ya nyuma ningekata kwa kubahatisha.

Jina naandika juu ya kiazi chenyewe kwa penseli ya wino. Vibandiko vya karatasi vililowa mwaka mmoja nikabaki na boksi la watu wasio na majina. Kisha vinapumzika siku moja au mbili kidonda kifunge, si zaidi, na vinaingia kwenye vemikulaiti, chembechembe nyepesi za madini zinazoshika unyevu, niliyoinyunyizia maji kidogo sana, kiasi cha kuishika mkononi usione maji lakini ukahisi ubaridi. Vinapangwa visigusane. Kila wikendi ya kwanza ya mwezi nashuka. Kilichoanza kujikunja nakirushia maji, kilicholainika nakikata au nakitupa kabla hakijawafundisha wenzake. Mwaka ule wa nne niliweka 38, nikatoa 31 vizima. Nilimpigia Mama saa tisa usiku kwa saa zangu kumwambia.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hiyo mwanangu unafukua maua, unayaosha, unayalaza, unayaamsha."

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

"Na wanakulipa?"

Nilipokwenda likizo mwaka 2022 nilifukua viazi vitano vya zile nyekundu za nyuma ya jiko, zenye ua dogo la mviringo kama mpira wa matambara. Kwa kuwa mbegu za dalia hazifuati mama, kila mbegu ina sura yake, ukitaka ua lilelile unahitaji kiazi, au chipukizi lililokatwa kwenye mche wenyewe. Niliviosha mpaka pasiwe na chembe ya udongo, nikavifunga kwenye kanga. Uwanjani nilisema mwenyewe ninacho nini, na hilo tu ndilo nililofanya sawa, maana anayeficha hupigwa faini. Ofisa aliniuliza cheti cha afya ya mimea kutoka nchi nilikotoka. Sikuwa nacho, sikuwa hata najua kinaombwa wapi. Alivichukua kwa adabu akanirudishia kanga, imekunjwa vizuri.

Sokoni bibi wa Kihmong alikuwa na inayofanana. Si ileile, ya Mama ni nyekundu nzito zaidi, lakini ukiiona kwa mbali jioni unaweza kudanganyika. Nilimwomba kiazi vuli, nikitegemea kulipa. Alinipa viwili, vyote na macho, na kabla ya kunikabidhi akavigeuza akanionyesha kwa ukucha: hapa, na hapa. Juu yake nimeandika MAMA kwa penseli ya wino, ingawa si ya Mama.

Wiki hii nimefungua boksi. Viko 44, vitano nimetupa, viwili majina yamefutika nitavipanda mwisho wa mstari nione Agosti. MAMA amechipua macho matatu. Nilimtumia Mama mwenyewe picha, akajibu kwa sauti, anacheka: za kwake nungu amefukua zote, amekula, zimebaki zile za upande wa choo tu.